Kibao cha Lushoto Tunakipita Kila Mwaka

SWALI



Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata. Mume wangu kwao ni Marangu, kwa hiyo kila Desemba tunapanda kwenda kuhesabiwa kama Wachaga wengine. Sina ugomvi na ukweni. Mama mkwe ananipenda na mimi nampenda. Ugomvi wangu ni wa njiani.

Baba watoto akishika usukani anakuwa mtu mwingine kabisa. Tunaondoka saa tisa usiku ili tuikwepe foleni ya Kimara na Kibaha. Tunasimama Segera kuweka mafuta na kujisaidia, tunasimama Mombo kula, basi. Hicho chakula chenyewe tunakila yeye akitazama saa. Tukifika Marangu, hata mizigo haijashushwa, anawaambia kaka zake ametumia saa ngapi, na wao wanamtajia za kwao, na aliyechelewa anachekwa mpaka Krismasi.

Mwaka jana tukiwa Mombo nilikiona kibao cha Lushoto. Nakiona kila mwaka. Nikamwambia, "Baba Junior, hivi huko juu kukoje? Twende tukapaone japo nusu saa." Akacheka, akidhani natania. Alipoona mwenzake sicheki, akasema kama nataka kutalii tutapanga safari ya kutalii, tusichanganye mambo. Nilinuna mpaka Same.

Kilichoniuma zaidi ni watoto. Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na mitatu. Amepita Korogwe kila mwaka tangu azaliwe. Nilipomuuliza Korogwe kuna nini, akanijibu, "Kuna matuta."

Shangazi, je, huu ni utoto kwa mtu mzima kutaka kukata kona bila sababu? Kama siyo utoto, nimwambieje mwenzangu anielewe? Tena nasikia kona za kupanda Lushoto ni kali, na mtoto wangu wa mwisho hutapika hata kwenye daladala ya Buguruni. Hilo nalo nitalifanyaje?

Mke wa Dereva, Tabata

JIBU



Nianze na mumeo, kwa sababu najua wasomaji wengi wameshamhukumu kabla hawajafika nusu ya barua yako. Mtu anayeendesha gari kutoka Tabata hadi Marangu, kilomita zaidi ya mia tano, yuko kazini. Wewe unaona mlima, yeye anaona lori limebeba saruji, mbele yake kuna jingine, na nyuma basi linamwashia taa apishe. Kila kijiji kina kibao cha hamsini. Akijisahau kidogo, chini ya mwembe ametulia askari na tochi yake, na elfu thelathini ya nyama ya sikukuu imeondoka. Matuta ambayo binti yako ameyataja kwa dharau, yeye amekuwa akiyahesabu moja moja kwa ajili ya springi za gari.

Kisha kuna jambo ambalo abiria halijui na dereva halisemi. Yale malori aliyoyapita kwa kuvizia na kwa jasho tangu Msata, akisimama robo saa tu, yanampita yote. Anayasikia yakipita moja baada ya jingine huku wewe unamnunulia mtoto mahindi ya kuchoma. Hiyo inaumiza, mwanangu. Mimi mwenyewe naendesha, nakwambia ninachokijua. Mtu anaweza kupenda milima kuliko wewe na bado akashindwa kukata kona, kwa sababu ya lori moja la njano ambalo hataki kuliona tena mbele yake.

Sasa nikuseme kidogo na wewe. Uliomba nusu saa. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama thelathini na tatu za lami nyembamba inayopanda bila kupumzika, kutoka joto la tambarare hadi mji ulio kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kupanda ni saa nzima kwa mtu mwenye akili zake, na kushuka ni vivyo hivyo, maana breki haziombwi haraka. Baba Junior alijua hesabu hiyo, akajua pia kwamba mama yake anamsubiri na mbuzi ameshafungwa. Ombi lako lilikuwa la nusu ya siku, wewe ukalivisha nguo ya nusu saa. Angekubali vipi?

Lakini hamu yenyewe si utoto hata kidogo, na hapo ndipo mimi na wewe tuko upande mmoja.

Mumeo amesema mtapanga safari ya kutalii. Vizuri, ipangeni. Ila hiyo ni kitu kingine. Safari ya kutalii ina bajeti, ina nguo mpya, ina picha mlizoziona kwenye simu mwezi mzima kabla ya kwenda. Watoto wanafika wakiwa wameshaahidiwa tembo, na tembo asipotokea ni kilio. Kona mliyoikata bila kuipanga haijamwahidi mtu chochote. Mkikuta maporomoko, ni faida. Mkikuta kijiji chenye duka moja na mzee anayeuza vitumbua vya jana, mtakula vitumbua vya jana na mtavicheka mpaka Chalinze. Halafu watu mnaowakuta hawakuwa wakiwasubiri. Hawajavaa kwa ajili yenu, hawana ngoma ya kuwachezea. Mnawakuta wakipalilia, wakianika kahawa, wakigombana kuhusu bei ya kabichi, na mkiwasalimu vizuri wataendelea na shughuli zao huku wakiwajibu maswali. Ukiwa na watoto wa mjini, huo ni ugeni mkubwa kuliko simba.

Nikupe mfano wa barabara hiyo hiyo mnayoipita. Baada ya Segera, ukielekea Korogwe, kuna mashamba ya mkonge yamejipanga kwa mistari mirefu mpaka macho yanachoka. Kila abiria anayaona, na hakuna anayeyaangalia. Mwanangu wa mwisho, alipokuwa na umri kama wa huyo wako anayetapika, aliuliza yale "mananasi makubwa" ni ya nani. Baba yake alikuwa na siku nzuri. Tukakata kona kwenye barabara ya vumbi, tukafika kwenye geti, tukamsalimu mlinzi, tukamweleza kwamba hatuna shida yoyote, mtoto ameuliza tu. Mlinzi alicheka, akamwita msimamizi, na msimamizi akatupeleka kwenye korona, yaani kile kiwanda cha kusaga majani.

Utaanza kuisikia harufu kabla hujaiona mashine. Ni harufu chachu, nzito, ya majani mabichi yaliyopondwa na maji. Matita ya majani yanaingia upande mmoja, kelele inakuwa kubwa mpaka mnaongea kwa mikono, na upande wa pili zinatoka nyuzi zinazoning'inia zikiwa nyeupe zenye ukijani, zimelowa. Watoto walishangaa jinsi kilichobaki kilivyo kidogo. Jani lote lile zito, sehemu ndogo tu ndiyo singa, kingine chote ni maji na takataka. Nje zimeanikwa kwenye nyaya, safu kwa safu, na akina mama wanazigeuza. Tukapewa fundo moja la singa kavu, likakaa nyumbani kwetu miaka, tukifungia magunia.

Ni baada ya hapo ndipo nilipowasimulia watoto yale ambayo mimi mwenyewe nilisomeshwa darasani na kuyasahau: kwamba mkonge si wetu wa asili, kwamba Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Kutoka kwenye hiyo miche michache, nchi hii ikaja kuongoza duniani kwa kuzalisha mkonge, na mwaka 1964 tulikuwa tukitoa zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikaja, na ule utajiri ukaporomoka. Ningewaambia hayo garini wakiwa na simu mkononi, nani angesikiliza? Walisikiliza kwa sababu mikono yao ilikuwa bado inanuka.

Korogwe haikuwa "matuta" tena kwao, nakuhakikishia.

Usidhani kila kona ina korona mwisho wake. Nyingine zinaishia kwenye mto uliokauka, nyingine kwenye geti lililofungwa na mbwa. Hizo zihesabu kama kodi ya zile nzuri, na mpige moyo konde mrudi barabarani bila kulaumiana. Familia inayomlaumu aliyesema "tuingie hapa" haitaingia popote tena. Jambo hilo lina uzito kuliko mafuta mtakayoyachoma.

Sasa tuje kwenye kufanya. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: mkiwa mnapanda, mwache mumeo aendeshe zake. Usiguse. Desemba barabara ile imejaa watu wote wa Kaskazini wakikimbilia nyumbani, na mtoto wa kiume anayesubiriwa na mama yake hawezi kuchepuka akaifurahia. Mwili utakuwa Lushoto, masikio yatakuwa kwenye simu. Mwache afike, ataje saa zake kwa kaka zake, acheke au achekwe.

Muombe safari ya kurudi. Mkirudi hakuna anayewasubiri Tabata isipokuwa vumbi na jokofu tupu. Na usimwombe Lushoto. Mwombe siku. Mwambie, "Mwaka huu badala ya kuondoka Jumapili tuondoke Jumamosi, tusiwe na haraka." Siku moja ya ziada, isiyo na jina, isiyo na mpango. Mwanamume anayekataa Lushoto anaweza kabisa kuikubali Jumamosi, hasa ukimkumbusha kwamba Jumapili ile kila mwenye gari atakuwa barabarani kwa sababu shule zinafunguliwa. Hiyo ni hoja ya dereva, ataielewa.

Ukishaipata hiyo siku, usiijaze. Najua utataka kutafuta kwenye simu mahali pa kula na mahali pa kulala na mambo kumi ya kufanya. Acha. Jua tu barabara ina nini kwa ujumla, ili jicho lako liwe macho, kisha uache siku ichague yenyewe. Mkishuka kutoka Himo, pale Mwanga mkono wa kulia kuna njia ya kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, kule wanakovua perege, na mkono wa kushoto kuna barabara inayopanda kwa kona Usangi kwenye Upare wa Kaskazini. Same kuna hifadhi ya Mkomazi, na geti lake liko karibu kabisa na mji. Ndani kuna faru wanaolindwa kwa uzio, na Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni. Milima iliyo juu ya Same, upande wa Mamba Miamba, ndiko inakotoka tangawizi nyingi unayoinunua Ilala bila kujua. Makanya utaona vumbi jeupe la jasi. Sikuambii mwende huko kote. Mkifanya hivyo mtafika Dar Februari. Nakuambia ili mtoto akiuliza "kule kuna nini?" asijibiwe "milima tu".

Lushoto yenyewe, kama siku ikiwapeleka huko, nitakuambia kidogo na nyingine nikuachie. Mombo jua linawachoma, mnakata kona, na ndani ya dakika ishirini mmefungua vioo na kuzima kipozahewa. Katikati ya safari mtafika Soni, ambako maporomoko yanaonekana kutoka barabarani, na hapo mtakuta vijana na akina mama na beseni za matunda. Januari mwanzoni plamu na mapeasi huwa bado yapo, kwa bei ambayo ukiilinganisha na ya mjini utatamani kulia. Juu mjini utaona nyumba za zamani za Wajerumani, waliopapenda kwa baridi yake wakapaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Wasambaa walikuwa na mji wao mkuu pale Vuga na utawala wao wa Kilindi muda mrefu kabla ya hapo, kwa hiyo usimwache mtoto aondoke akidhani historia ya mlima ule ilianzia kwa Mjerumani.

Kama muda na miguu vitaruhusu, nendeni Irente, kilomita chache kutoka mjini. Ni ukingo wa mwamba, mbele yako hakuna kitu. Chini, mbali sana, utaiona Mazinde na mashamba yake ya mkonge, na tambarare inayokwenda hadi kwenye ukungu wa nyika ya Wamasai. Kisha utaona mstari mwembamba unaopita katikati. Ndiyo barabara ya Moshi, mwanangu. Hiyo hiyo. Mwonyeshe Baba Junior malori yake kutoka pale. Yanakwenda, yanakwenda, na hayafiki popote. Mimi nimewahi kumwona dereva wa aina ya mumeo akikaa pale muda mrefu bila kuitazama saa, na mke wake akawa na akili ya kutosha kutosema neno.

Hata hivyo kuchepuka bila mpango hakumaanishi kuchepuka bila akili, na hapa ninataka kumpa mumeo nafasi yake. Yeye ndiye awe na kura ya mwisho juu ya mambo mawili: gari na giza. Tangi likiwa chini ya nusu, hakuna kona; vituo vya mafuta haviko kila mahali mlimani. Ikifika saa kumi jioni na hamjui mtalala wapi, mnarudi kwenye barabara kubwa au mnatafuta gesti hapo hapo. Lushoto, Same, Korogwe na hata Mombo hazikosi vyumba, vya kanisa na vya watu binafsi, ila bebeni mashuka yenu kwa amani ya roho. Kuteremka zile kona usiku kwa sababu mmechelewa sitaki kusikia. Mvua ikiwa imenyesha kwa nguvu siku hiyo au jana yake, msipande kabisa, kwa maana udongo na mawe ya mlima ule hushuka barabarani. Usambara itawasubiri.

Na ukiuliza njia, uliza vizuri. Kwanza salamu, tena salamu kamili, siyo kushusha kioo na kusema "Hii inakwenda wapi?" kama unamhoji mtuhumiwa. Pili, usiulize kama njia inapitika. Utaambiwa inapitika. Kwetu sisi hakuna njia isiyopitika, kwa sababu anayekujibu anaipita kila siku kwa miguu au kwa pikipiki. Uliza hivi: "Gari kama hili letu limepita leo?" Kijana wa bodaboda atalitazama gari lenu kuanzia juu hadi chini ya matairi, na kimya chake ndilo jibu. Akikaa kimya zaidi ya sekunde mbili, geuzeni. Shamba la mtu na msitu wa hifadhi si pa kuingia kwa sababu tu hakuna ukuta. Ombeni, na mahali penye ada lipeni na mchukue risiti.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nimeliona likifanya kazi katika nyumba nyingi kuliko mabishano yote. Mpe kila mtu ndani ya gari zamu moja. Zamu moja kwa safari nzima, mkubwa na mdogo, na akiitumia gari linasimama au linakata kona, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza "kwa nini hapa?" Dereva anaweza kuahirisha kwa sababu ya usalama, lakini hawezi kufuta. Utashangaa mambo mawili. La kwanza, watoto watalaza simu chini na kuanza kuangalia nje, kwa sababu sasa kuangalia kuna faida. Mtu hatumii zamu yake kwenye kitu asichokiona. Wataanza hata kubana, "Mimi natunza yangu mpaka tuvuke Hedaru." La pili, mumeo naye atakuwa na zamu, na siku atakayoitumia utajifunza kitu juu ya mtu uliyeolewa naye. Huenda kuna njia pale karibu na Mto Pangani ambayo amekuwa akiitamani miaka yote na hakuwahi kuthubutu kuisema, kwa kuogopa kaka zake.

Ndiyo, kaka zake. Hilo nalo usilidharau. Unamwomba mtu aache mashindano ambayo amekuwa akiyacheza tangu aliponunua gari la kwanza, mbele ya watu wale wale walioshindana naye kwa baiskeli utotoni. Usimwache aende mikono mitupu. Mkirudi Desemba inayofuata, wakati wenzake wanatajiana saa, yeye awe na la kusimulia: faru aliyemwona Mkomazi, au bei ya plamu Soni, au jinsi mkonge unavyosagwa. Wachaga wanapenda biashara. Ukiwaambia bei ya kitu mahali ambapo hawajawahi kufika, watakusikiliza mpaka ndafu ipoe. Na usisahau kwamba hata mkiwa Marangu mnaweza kuonja. Siku mbili baada ya Krismasi, watu wamechoka na nyama, chukueni gari mshuke upande wa Rombo mkalione Ziwa Chala, limelala ndani ya shimo la volkano, nusu letu na nusu la Kenya, maji yake yanaingia kwa chini ya ardhi kutoka mlimani. Ni mwendo mfupi. Lakini ni la kutazama ukingoni. Watoto wasiingie majini, mamba wamewahi kuwamo.

Maneno ya kumwambia mumeo? Usimwambie garini. Garini yeye ndiye nahodha, na kila ombi linasikika kama lawama ya uendeshaji wake. Mwambie nyumbani, jioni, akiwa ameshakula, mwezi mmoja kabla. Anza na binti yenu na lile jibu lake la matuta. Usilifanye shutuma, msimulie kama kichekesho, maana ni kichekesho kweli. Atacheka. Akimaliza kucheka atanyamaza kidogo, kwa sababu hata yeye, ukimuuliza, hana la kuongezea kuhusu Korogwe. Hapo ndipo utakapoitaja Jumamosi.

Kuhusu kutapika, nisikufiche: kwenye zile kona mtoto wako atatapika. Unachoweza kufanya ni kupunguza. Asubuhi mpe kitu kikavu na chepesi, mkate au ndizi ya kuchemsha, siyo chai ya maziwa na maandazi matano. Mkalishe katikati kwenye kiti cha nyuma, mkanda umefungwa, aone mbele kupitia kioo kikubwa, na simu asiishike kabisa. Tangawizi mbichi husaidia, kipande kidogo cha kutafuna au chai yake isiyo na maziwa kwenye chupa. Mumeo apande taratibu na asikate kona kama anafukuzwa. Kwa hilo mlaumu wazi wazi, una ruhusa yangu. Beba mifuko, maji, kanga ya zamani na fulana mbili za kubadilisha, uviweke miguuni pako, visije vikawa kwenye buti chini ya mikungu ya ndizi mliyopewa na mama mkwe. Na ikitokea mmefika Soni na mambo yameharibika, simamisheni gari pale pale, mumshushe, aoshwe uso. Ukiona amepata nafuu, muulize kama angependa kuihesabu hiyo kuwa zamu yake. Mimi nadhani atakataa, na atakuwa na haki.